Sura ya Saba: Kura za Édina

Mwalimu Lévi Bisimwa alijibu maswali yote ya Madeleine isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomtia matatani.

"Mwalimu, huyu Édina ni nani?"

Bisimwa alitazama ubao. Walikuwa darasani kwake, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, watoto wamekwenda kula, na baina yao wawili juu ya dawati lilikaa sanduku la kura lenye tundu juu.

"Ni muntu wa mu kitabu," akasema.

"Anafanya nini mu kitabu?"

"Sijue, Mama Mado. Mi sikusome."

"Nani iko na hicho kitabu?"

Hapo ndipo alipofunga mdomo. Madeleine alimngoja, akamngoja tena, kisha akaegemea kiti. Enzi zake Bukavu, kule Kongo, alipokuwa mpelelezi wa polisi, aliwapenda waongo, maana mwongo humwachia mtu uzi wa kufuata. Huyu hakudanganya hata kidogo. Alinyamaza tu kwa adabu, jasho likimtoka, na Madeleine alikereka kupita kiasi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka huo wa 2014 Malawi nzima iliitwa kuchagua riwaya inayopendwa kuliko zote nchini. Kila Jumamosi gazeti lilichapa kadi ya kura. Msomaji aliikata, akaandika jina la riwaya yake, akaitumbukiza katika sanduku la maktaba ya karibu. Wakimbizi nao walikaribishwa, na sanduku la Dzaleka likakabidhiwa Bisimwa. Lilipofunguliwa Lilongwe, zaidi ya kadi mia nne zilikuwa na neno moja tu: Édina. Hakuna duka lililokuwa na riwaya ya jina hilo, wala mwandishi aliyejitokeza kuidai. Bwana Kachingwe, wakili mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya kura, akaamua kwamba mwalimu ametumwa na mtu kulijaza sanduku ili kuiaibisha kamati. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki kwa namna yake ya ukavu. Aliulizia mpelelezi anayejua Kiswahili, akaelekezwa mtaa wa Kawale, Lilongwe, kwenye chumba ambamo Madeleine alikuwa akiwatafutia watu ndugu zao waliopotea.

"Niletee kitabu chenyewe kabla ya Ijumaa," alimwambia. "Usipokileta, mwalimu atakwenda kujieleza polisi."

Bisimwa alikuwa anasubiri kuitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi nyingine, yeye na mkewe Raïssa na watoto. Mtu mwenye kesi polisi hasafiri, wala familia yake. Alilijua hilo vizuri kuliko Kachingwe, na bado alikuwa kimya. Leo ilikuwa Jumatano.

Madeleine aliacha kumbana. Akamimina juu ya dawati kadi alizorudi nazo ndani ya sanduku kutoka Lilongwe, akachukua moja, akaipitisha kidole ukingoni. Ukingo ulikuwa na menomeno madogo yaliyolingana. Akachukua nyingine, ikawa vilevile. Barua ya kamati ilitaja jambo hilo: kadi zimekatwa kwa mashine, ilisema, kwa hiyo zimetengenezwa kwa wingi mahali pamoja. Na mashine ya kukatia karatasi Dzaleka ilikuwa moja tu.

Ilikuwa kwa Nahayo, Mrundi mwenye kibanda cha kutoa nakala karibu na soko. Alipoona kadi mkononi mwa Madeleine alikasirika kabla hajaulizwa, akasema kila kitu kikiharibika kambini lazima atajwe Nahayo. Madeleine alimwomba akate karatasi moja kwa mashine yake. Akakata. Ukingo ulitoka umenyooka, hauna jino hata moja. Madeleine akageuza kadi yake: nyuma kulikuwa na habari ya mpira iliyokatika katikati ya bao. Hii haikuwa nakala. Ni gazeti lenyewe.

Sasa swali lilibadilika. Watu wanaohesabu unga wa nsima, ule ugali wa huko, kwa kikombe walipata wapi magazeti yote hayo? Nahayo alikuwa amepoa, akajibu bila kinyongo kwamba magazeti yasiyouzika Lilongwe huletwa kwake kwa marobota.

"Ba mama wa couture, bale ba kushona, njo bananunua. Banakatia patron."

Madeleine nusura ajizabe kofi. Dada yake alishona nguo Bukavu miaka na miaka. Fundi hukata kwanza karatasi ya umbo la nguo, hiyo patron, kisha hukata kitambaa kwa mkasi wa meno ili kisifumuke. Na mwanamke aliyeshika mkasi wa meno mchana kutwa hauweki chini kwa sababu ya kikadi cha kura. Mashine ya Bwana Kachingwe ilikuwa mkono wa fundi cherehani.

Alirudi shuleni kumchukua Bisimwa wafuatane hadi karakana ya ushonaji. Mwalimu alikubali kwa kichwa, wakatoka. Njia fupi iliishia mlangoni mwa karakana yenyewe, na walipoikaribia, Bisimwa aliyumba kando, akashika kinjia cha nyuma ya vyoo, kirefu na chenye matope.

"Mwalimu, njia ni hii."

"Mupite tu, Mama. Mi nitawangojea kule ku kanisa."

Alikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa kanisa, mgongo kwa karakana, kama mtoto aliyeadhibiwa. Madeleine alimpiga jicho, akaliweka jambo hilo moyoni, akaingia.

Ndani kulikuwa na vyerehani vinane na wanawake wengi kuliko vyerehani. Hakuwaeleza kilichomleta. Aliwaita mmoja mmoja hadi kwenye ghala la vitambaa na kufunga mlango, ili wa kwanza asimfundishe wa pili. Swali lilikuwa moja kwa wote: Édina ni nani, naye amefanya nini?

Wa kwanza alikuwa Léoncie, mama mnene wa Fizi aliyezoea kuweka sahihi kwa dole gumba. Alimtazama Madeleine kwa huruma, mtu mzima asiyemjua Édina.

"Iko anapima tumbaku kule Kanengo, ku mnada. Patron yake, ule mukubwa wa kazi, anaficha jiwe chini ya mizani, juu ya kuiba bakulima. Édina analivumbua. Analifunga mu gunia, analitundikia karatasi ya etiketi, analipanga na marobota ingine. Banunuzi banapita, banalinunua lile jiwe!"

Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta macho kwa kona ya kitenge. Wa pili alisimulia hayohayo, ila yeye alikumbuka pia rangi ya gunia. Wa tatu alilikumbuka jiwe na akamlaani patron aliyemfukuza Édina kazi. Wa nne alisema mume wa Édina alikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini na hakuandika hata mstari mmoja, na akamsema huyo mume vibaya kana kwamba ni shemeji yake wa kweli. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, kisa kikawa kilekile hadi mwisho. Madeleine alihoji mashahidi wengi maishani, na ushahidi uliopangwa aliutambua upesi, maana hutoka kwa wote kwa maneno yaleyale. Huu haukupangwa. Wanawake hawa walikuwa wamemsikia Édina kweli, na walimpenda.

Walimsikia wapi? Palepale, wakishona. Kila alasiri mmoja wao aliacha cherehani, akawasomea kitabu cha Kiingereza huku akikigeuza Kiswahili papo hapo. Jina la kitabu hawakulijua, kwa hiyo wakakiita kwa jina la mwenye kisa. Kadi zilipokuja, wenye kuandika waliandika Édina na wasiojua wakaandikiwa. Wengi walikuwa wamekwenda kusimulia nyumbani, waume na majirani nao wakataka kadi.

"Anayewasomea ni nani?"

"Mama Gertrude," alisema Léoncie. "Ule wa pa dirisha."

Gertrude alikuwa mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, zamani karani wa parokia huko Bukavu. Kiingereza alikisoma vizuri kuliko alivyokisema. Alifungua droo ya cherehani, akatoa kitabu kisicho na jalada mbele wala kurasa nyuma. Alieleza bila haya: alinunua mandasi, yale maandazi ya Malawi, sokoni, akasoma karatasi iliyofungia mandasi njiani, akageuza kurudi kwa muuzaji kuokoa kilichosalia. Jalada lilikuwa limekwisha kuuzwa na maandazi ya asubuhi, na mwisho wa kitabu ukaenda na ya mchana.

Madeleine alikifungua. Kilianzia ukurasa wa tano, kikakatika mia tisini.

"Na mwisho? Ba mama wameniambia mwisho, tena wote sawasawa. Édina anarudi kazini."

Gertrude alivua miwani.

"Kurasa zilikwisha, na bantu walikuwa wananingojea. Walikuwa wameacha cherehani, wananiangalia. Ningewaambia nini? Nikaendelea tu kusoma."

Kidole chake, alisema, kilipita juu ya ukurasa wa mia tisini siku tatu nzima, na wala hakuna aliyejua.

Madeleine alifunga kitabu taratibu. Akasema, kama mtu anayeongea habari ya hali ya hewa, kwamba Mwalimu Bisimwa yuko nje na angefurahi kuonyeshwa kitabu hiki. Gertrude aliinuka mara moja, akavuta kitenge hadi machoni na kuligeuzia dirisha mgongo.

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa sawa kichwani mwa Madeleine. Mwalimu anazunguka vyoo ili asipite mbele ya mlango. Yuko radhi kupoteza safari yake kuliko kutaja jina la mwanamke mmoja. Na mwanamke huyo anajifunika akisikia yuko karibu. Kwao Bisimwa, na kwao Madeleine vilevile, mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, hamtazami usoni, na jina lake halimtoki kinywani hata ashikiwe panga.

"Raïssa ni mutoto yenu," akasema.

"Wa kwanza," alijibu Gertrude ndani ya kitenge.

Kambi nzima ilijua. Raïssa mwenyewe angelisema kwa sentensi moja, lakini katika wiki mbili za barua na maswali hakuna aliyefikiri kumuuliza mke wa mshukiwa, na Madeleine alijihesabu miongoni mwa hao wasiofikiri. Kila alasiri Édina aliposomwa, mama mkwe wa Bisimwa alikuwa ameketi pale na kitabu, kwa hiyo mwalimu hakukanyaga karibu. Mlinzi wa sanduku alikuwa pengine mtu pekee Dzaleka ambaye hakukijua kisa.

Madeleine alipomfuata nyuma ya ukuta wa kanisa na kumwambia alichogundua, mwalimu alitazama viatu vyake vyenye matope. Aliona aibu mara mbili, alisema. Kwanza aibu ya mkwe. Halafu aibu ya kuwaeleza wasomi wa Lilongwe kwamba yeye, mwalimu wa diploma, ameshindwa na jambo la nyumbani kama hilo.

Alhamisi Madeleine aliingia Old Town, sehemu kongwe ya Lilongwe, na kitabu kile kwapani. Duka la kwanza walikigeuza wakakirudisha. La pili walimcheka. La tatu, nyuma ya stendi ya mabasi, Mhindi mwenye duka alisoma ukurasa mmoja, akaenda nyuma, akarudi akikung'uta vumbi kwenye kitabu chembamba chenye picha ya mizani. Karani wa Mizani, ndivyo jina lake lingekuwa kwa Kiswahili, na mwandishi ni Estere Kaluwa, mwalimu wa Kasungu aliyekwisha kufariki. Kilichapwa mara moja tu. Mwenye duka alisema ana katoni nzima na hakuna anayeuliza. Madeleine alilipa, akasimama barabarani watu wakimpita, akalinganisha ukurasa wa tano na wa tano, wa mia tisini na wa mia tisini. Vilikuwa kitabu kimoja. Kisha akasoma kurasa za mwisho, palepale, na uso ukambadilika.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisi ya Bwana Kachingwe na watu wawili, na jambo likaharibika kabla halijaanza. Bisimwa alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama kutazama nje. Gertrude aliketi karibu na mlango, kitenge usoni, akikabili ukuta wa upande wa pili. Kachingwe alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Mama," alimwambia Madeleine kwa Kiingereza, "nimefanya kazi mahakamani maisha yangu yote. Mashahidi wasiotazamana nawajua."

Madeleine alimweleza. Hakupamba wala hakuomba msamaha. Aliieleza mila hiyo kama mtu anavyoeleza sheria ya barabarani. Kachingwe alisikiliza hadi mwisho, akasugua kidevu, akasema mamake naye, kwa Wangoni, alikuwa na miiko ya wakwe iliyomchosha babake. Lakini mila si ushahidi. Akavuta kitabu kizima alicholeta Madeleine, akakifungua nyuma kabisa, akakisimamisha ili pasionekane kitu.

"Swali langu ni moja tu. Kitabu hiki kinaishaje?"

Madeleine aliujua mwisho huo. Usiku alikuwa amejiuliza kama amwambie Gertrude mwisho wa kweli, akakataa. Shahidi akifundishwa jibu moja, majibu yake mengine yote yanaoza. Akatafsiri swali kama lilivyo.

Gertrude naye hakutafuta njia ya kukwepa. Alisimulia kwa sauti yake ya karakana: asubuhi wakulima wa Kanengo walikaa chini kandokando ya marobota yao, wakakataa tumbaku yao kupimwa na mtu mwingine, mpaka patron mwenyewe akapanda gari kwenda kumwita Édina nyumbani kwake. Édina akamaliza kwanza kufua nguo za watoto. Ndipo akaenda. Madeleine alitafsiri sentensi kwa sentensi. Pale dirishani, Bisimwa alikuwa ameacha kutazama nje. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limegeukia chumbani.

Kachingwe akalaza kitabu mezani.

"Katika kitabu hiki, Édina anakufa," alisema. "Kwa homa, nyumbani kwa dada yake, na hakuna anayerudi kumwita. Nimetosheka. Huyu mama hajakisoma."

Gertrude hakuhitaji kutafsiriwa hayo. Mkono wake ulishika ukingo wa kiti, akawa kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Hujatosheka bado, bwana," alisema Madeleine. Akaweka kando ya kitabu kizima kile kilichonyofoka, chenye alama za mafuta ya mandasi, na kukifungua mahali kilipokatikia. "Kitabu cha Dzaleka kinaishia hapa. Yaliyobaki aliyatunga mwenyewe, na alikiri mbele yangu kabla sijakiona kitabu kizima. Muulize chochote cha kabla ya ukurasa huu. Akikosa moja, mwite polisi, nami nitakuwa shahidi wako."

Kachingwe hakuwa mtu wa kuacha mwaliko kama huo. Alifungua huku, akafungua kule, akauliza mambo madogo ambayo mtu hakumbuki mpaka ayapende. Gertrude alijibu akiwa ameelekea ukuta: jina la mbuzi wa jirani, kisa cha taa iliyokopwa, maneno ya mume kituoni siku ya kuondoka. Akafika kwenye jiwe. Alilisimulia lote, gunia, etiketi na wanunuzi waliopita kwa maringo wakilibonyeza, na Madeleine alipokuwa bado anatafsiri, kicheko kilitoka dirishani. Bisimwa alikuwa ameuziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Ndiyo kwanza alikuwa akilisikia.

Kachingwe alimtazama yule mtu aliyeshukiwa kutumwa alijaze sanduku kwa jina la kitabu hicho.

"Mwongo hacheki hivyo," akasema. Akavuta karatasi ya mashtaka aliyokuwa ameiandaa tangu Jumatatu, akaipasua, akaitia kapuni. Mwalimu hana kesi, alisema, na barua ya kusema hivyo itafika Dzaleka kabla ya usaili wake. Kura zenyewe, kama ni za Estere Kaluwa au ni za mama huyu na kitenge chake, kamati ingekaa kubishana, na hakuahidi lolote.

Walishukuru, zikomo kwa zikomo. Madeleine alifungua mlango, Gertrude atoke kwanza ili mkwewe asipite karibu naye. Mama yule alifika kizingitini akasimama, bado amewapa mgongo.

"Mama Mado," alisema polepole, "mumuambie bwana ya mutoto yangu. Kule kambini, ile habari ya Édina kufa, asibaambie ba mama."

Madeleine aligeuka kuupeleka ujumbe hatua nne za chumba. Haikuwa lazima. Bisimwa alikuwa ameusikia, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi wala hayafuti. Alijibu huku amekaza macho dirishani.

"Mumuambie Mama, mi sikusikie kitu."